Gari lililolala miaka: kufufua mfumo wa mafuta kuanzia tenki hadi kabureta

Misimu sita ya korosho ilipita Corolla KE70 ya mjomba ikiwa imesimama chini ya mkorosho, Mikindani, matairi yamelala, majani makavu yamejazana chini ya kioo cha mbele. Mjomba aliugua, kisha akatutoka, na kwetu Kusini kilichoachwa na mjomba hakiachwi kuoza. Familia ilipokubaliana gari liamshwe, tulilivuta hadi gereji moja mjini Mtwara. Fundi akafungua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, akaisafisha, gari likawaka. Tukashangilia. Likazima njiani kabla hatujafika Mikindani, safari ya kilomita 10 hivi. Kabureta ikafunguliwa mara ya pili, ikafunguliwa ya tatu, na kila mara tukalipa.

Mara ya nne nilikataa. Nililirudisha nyumbani kwa kamba, nikaingia chini na tochi, nikafungua nati ya kumwagia mafuta iliyo chini ya tenki. Kilichotoka kilikuwa chekundu kama chai ya rangi iliyochemka mno, kinanuka rangi ya mafuta iliyochacha, na baada yake kikashuka kitope cha kutu kizito kama uji. Kila kabureta iliposafishwa, tenki lile lilikuwa linaichafua upya ndani ya nusu saa.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia nyuma ya gari na kuja mbele. Mafuta husafiri kutoka tenki kwenda kabureta, na uchafu unasafiri nayo. Mafundi wengi huanza na kabureta kwa sababu iko juu, inafikika, na haikuchafui mgongo. Ukiifuata njia hiyo kwenye gari lililolala miaka, utalipa mara tatu kama sisi.

Ninayoyaeleza yanahusu magari ya petroli yenye kabureta na pampu inayoendeshwa na injini yenyewe. Letu lina injini ya 4K. Datsun, Hilux za zamani na Peugeot 504 hazitofautiani sana. Kama gari lako lina mfumo wa kupuliza mafuta kwa nozeli, sehemu ya tenki na mirija inakuhusu, lakini usilegeze mpira wowote kabla ya kuondoa mgandamizo: humo ndani mafuta husukumwa kwa baa 2.5 hadi 3, na yatakurukia usoni.

Kwa nini petroli huharibika, na kwa nini pwani yetu huizidishia

Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, vyepesi na vizito. Vyepesi ndivyo vinavyoshika moto haraka injini ikiwa baridi, na ndivyo vinavyotoroka kwanza. Vinavyobaki huungana na oksijeni na polepole hugeuka gundi ya kahawia inayonata kama utomvu wa mkorosho. Gundi hiyo ndiyo inayoziba matundu ya kabureta ambayo mengine hayazidi unene wa uzi wa kushonea.

Halafu kuna maji. Tenki lililojaa nusu linapumua: mchana hewa iliyomo hutanuka na kutoka, usiku hupoa na kuvuta nyingine. Mikindani, Shangani, Lindi mjini, hewa hiyo imebeba unyevu na chumvi ya bahari. Unyevu hugeuka matone kwenye bati la juu, matone huteleza, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, hukaa sakafuni. Kutu basi huanzia chini kabisa, mahali pale pale mrija wa kunyonyea mafuta ulipo. Gari lililolala Masasi huwa na tenki zuri kidogo kuliko lililolala ufukweni, lakini usiliamini kwa hilo peke yake. Lifungue.

Moto kwanza

Hapa naomba usiruke hata mstari. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo haupandi ukapotea. Hutambaa chini, huingia mashimoni, hufika jikoni. Ukifika takribani asilimia moja na nusu tu ya hewa, cheche moja inatosha. Siku ya kumwaga mafuta nilizunguka nyumba nzima, nikamwomba shangazi ahamishe jiko la mkaa hadi upande wa pili, upande upepo unakotoka, na nikawazuia watoto wasisogee. Fanya kazi nje, si ndani ya banda. Ondoa waya hasi wa betri. Weka karibu mtungi wa unga wa kuzimia moto, na kama huna, ndoo mbili za mchanga mkavu. Maji hayafai, yataieneza petroli inayowaka.

Usinyonye petroli kwa mdomo. Najua kila mtu amemwona mtu akifanya hivyo. Tone likiingia kwenye mapafu badala ya tumbo linaunguza mapafu, na mtu anaweza kufa. Aliyemeza asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja.

La tatu ni la kuchomelea. Tenki tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ndani kuna mvuke na hewa vimechanganyika tayari. Kuliosha kwa maji na sabuni mara moja hakutoshi. Petroli hujificha kwenye mikunjo ya bati na kwenye kutu, na joto likifika hutoka. Mtu wa kuchomelea mageti akikuambia hiyo ni kazi ndogo, mshukuru, ondoka na tenki lako.

Hakikisha tatizo ni mafuta

Kabla hujachafuka, jua kwamba injini inazunguka. Chomoa plagi zote, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye kila tundu, acha usiku mzima, kisha zungusha kwa spana kwenye nati ya puli. Ikizunguka laini, endelea. Ikigoma, usilazimishe kwa stata. Hilo ni tatizo jingine. Mradi bado hujamwaga tone la petroli, rudisha waya wa betri, angalia na cheche: plagi ikiwa nje, imeshika bati, stata ikipigwa, uone cheche ya bluu. Gari lililolala huwa na ukungu kwenye pointi, vile vidole vya kukutanisha umeme vilivyo ndani ya distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi. Karatasi laini ya msasa inatosha. Kisha ondoa tena waya wa betri.

Tenki

Mwaga mafuta ya zamani kwenye dumu la bati lenye mfuniko. Kijana wa bodaboda atakuomba, usimpe, utamuulia injini. Usiyamwage mtaroni wala kwenye mikoko, na Mikindani visima vya watu viko karibu kuliko unavyofikiri. Peleka kwenye gereji inayokusanya oili chafu.

Kwa gari nyingi za aina hii tenki liko nyuma, chini ya buti. Kabla ya kulishusha, fungua waya wa geji (kipimo cha mafuta kilicho ndani ya tenki), mpira wa kujazia, mpira mwembamba wa kupumulia, na mirija ya kwenda na kurudi injini. Piga picha kwa simu kila hatua, na funga kipande cha plasta chenye namba kwenye kila mpira. Nati zilizoshikwa na kutu zipake oili nyepesi jana yake. Weka jeki na ubao chini ya tenki ndipo ulegeze nati za mwisho.

Mpira wa kupumulia uangalie kwa makini. Wetu ulikuwa umezibwa na udongo mgumu, nikadhani ni tope la barabarani. Nilipouvunja kwa bisibisi ukatoka vyumba vyumba, na ndani ya kila kimoja mabaki ya buibui wakavu: nyigu alikuwa amejenga humo. Tundu hilo likiziba, pampu huvuta mafuta, nafasi iliyoachwa haijazwi na hewa, na baada ya muda tenki linagoma kutoa. Gari huzima, likipumzika linawaka tena, na fundi anasafisha kabureta. Kipimo chake ni rahisi: gari likizima njiani, fungua mfuniko wa tenki. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu, fsss, na gari likawaka papo hapo, umempata mwizi. Mfuniko wenyewe pia una kitundu cha kupumulia, upulize.

Sasa toa geji. Ni duara la bati lenye skrubu tano au sita, chini yake kuna gasketi. Kwenye mrija wa kunyonyea kuna kichujio kidogo cha wavu, na mara nyingi kimevikwa gundi kama soksi. Kiloweke kwenye thina. Kikichanika, badilisha, usikiache mrija wazi.

Kuosha kutu, nilitumia nati za chuma za namba 17, zile za bolti za milimita 10. Nilihesabu 40 zikiingia. Kokoto hazifai kwa sababu husagika na kuacha vumbi. Lita mbili za maji ya sabuni, ziba matundu, kisha lifunge tenki kwenye godoro la zamani na kuliviringisha uani, dakika kumi kila upande, vijana wawili wakipokezana. Mwaga, rudia, hadi maji yatoke bila wekundu mwingi. Ukihesabu nati zikatoka 39, usilifunge tenki. Ya arobaini yangu ilikuwa imenasa nyuma ya bati la kuzuia mafuta yasicheze, nikaitoa kwa sumaku iliyofungwa kwenye waya.

Kutu iliyobaki iachie siki nyeupe, lita 10 hivi kwa tenki la ukubwa huu. Huhitaji kulijaza, ligeuze upande mwingine kila baada ya saa chache, siku mbili. Acha tundu moja wazi na usikaribishe moto, maana asidi ikila chuma hutoa hewa ya haidrojeni, nayo inawaka. Baada ya hapo suuza mara tatu, mara ya pili kwa ndoo ya maji yenye vijiko vitano vya magadi ili kuua asidi.

Hatua inayofuata inataka haraka. Bati lililosafishwa hivyo hushika kutu upya ndani ya saa moja kwenye unyevu wetu. Niliomba kompresa kwa jirani, nikapuliza upepo huku tenki liko juani, kisha nikamimina nusu lita ya petroli safi iliyochanganywa na oili kidogo, nikaizungusha ndani kila kona, nikamwaga. Fanya kazi hii asubuhi ya jua kali, si jioni, na si katikati ya mvua zetu za Desemba hadi Aprili.

Kutafuta matundu, ingiza taa ya tochi ndani ya tenki usiku, wewe ukiwa nje unaangalia bati: penye tundu utaona nyota. Moja au mbili, mbali na mshono, zinazibika kwa gundi ya sehemu mbili inayostahimili petroli, baada ya kusugua bati likawa jeupe. Yakiwa mengi, au yako kwenye mshono, tafuta tenki jingine la gari bovu. Kuna rangi za kupaka ndani ya tenki zinazouzwa kama suluhisho, mimi sizipendi. Zikipakwa juu ya kutu iliyobaki hubanduka kama magamba, na magamba hayo ni mabaya kuliko kutu.

Mirija na mipira

Chuma kinachopita chini ya gari kipulizwe upepo kutoka upande wa injini kurudi nyuma, kikiwa kimefunguliwa pande zote mbili. Kama kinatoa jasho la mafuta popote, kibadilishe chote. Usitumie kopa laini ya friji, hata kama inapindika vizuri. Mtetemo wa gari huichosha hadi inapasuka. Mrija wa chuma wa breki wenye kipenyo kinachofaa unadumu zaidi. Ncha yake ivimbishwe kidogo ili mpira usiteleze.

Mipira yote badilisha. Nasema yote, hata inayoonekana mizima. Uikunje uone: mpira wa zamani hupasuka vijistari kama udongo wa kiangazi. Dukani omba mpira wa petroli wenye maandishi SAE J30 R7. Bomba la maji linaloonyesha ndani hugeuka gumu ndani ya wiki chache na kuchomoka. Kaza kwa klipu za skrubu, si kwa waya wa kufungia matofali.

Weka filta ya plastiki inayoonyesha ndani, kabla ya pampu, mshale uelekee injini. Nunua tatu kwa mpigo. Utaona baadaye kwa nini.

Pampu

Kwenye 4K pampu imefungwa ubavuni mwa injini kwa nati mbili, na mkono wake husukumwa na kamshafti, mhimili wenye nundu unaozunguka ndani ya injini. Ndani kuna kiwambo cha mpira, springi na valvu mbili ndogo. Mirija ikiwa mitatu, wa tatu ni wa kurudisha mafuta ya ziada kwenye tenki. Usiuzibe, ndio unaosaidia mafuta yasichemke kwenye joto.

Kabla ya kuigusa, chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli au oili ikiwa imepanda juu ya alama, kiwambo kimepasuka na petroli inashuka ndani ya injini. Usiwashe hata dakika moja: oili hiyo ni nyepesi kama maji, itaharibu beringi. Mwaga oili, badilisha filta yake na pampu kwa pamoja.

Kupima, chomoa mpira unaokwenda kwenye kabureta, uingize kwenye chupa, chomoa waya wa koili usiwe na cheche, rudisha betri kwa muda, mwenzako apige stata sekunde kumi. Utaona mipigo ya mafuta yenye nguvu, tap, tap, tap, bila mapovu. Mapovu yasiyokwisha maana yake hewa inaingia mahali kabla ya pampu. Mipigo dhaifu maana yake pampu au filta. Ukimaliza, ondoa tena waya wa betri.

Ukiitoa, utakuta kati yake na injini kuna kipande kinene cheusi. Hicho kinazuia joto na pia kinaweka umbali wa mkono wa pampu. Kikipotea au kikibadilishwa na gasketi nyembamba, mkono unasukumwa kupita kiasi hadi kuvunjika.

Kuna njia ya mkato inayopendwa sana: kufunga pampu ya umeme iliyotolewa kwenye gari la nozeli. Kabureta inahitaji kama baa 0.2 hadi 0.3. Pampu ile inasukuma mara kumi ya hapo, sindano ya kabureta haiwezi kuizuia, na petroli humwagika juu ya injini ya moto. Kama huna budi kufunga ya umeme, tafuta iliyotengenezwa kwa ajili ya kabureta.

Kabureta

Sasa ndipo zamu yake. Tandika shuka jeupe mezani, si gazeti, maana vitu vinavyodondoka ni vidogo kuliko punje ya mtama. Kabla ya kuitoa kwenye injini, hesabu mizunguko ya skrubu ya mchanganyiko wa hewa na mafuta: izungushe kwenda ndani taratibu hadi iguse tu, andika idadi. Usiikaze, ncha yake itaharibika.

Ukifungua mfuniko wa juu utaona chumba cha mafuta. Ndani kuna boya, ambalo mafundi wengi huliita flota. Litikise karibu na sikio; likisikika chubwi, limeingia mafuta na halielei tena. Boya la shaba lizamishe kwenye maji ya moto, mapovu yatakuonyesha tundu. Chini ya boya kuna sindano inayofunga mafuta chumba kikijaa. Tazama ncha yake kwa kioo cha kukuzia: ikiwa na mfereji mdogo uliozunguka, hata mwembamba kama unywele, kabureta itafurika. Badilisha sindano na kiti chake pamoja.

Toa jeti, zile skrubu ndogo zenye tundu la kupimia mafuta, moja moja kwa bisibisi inayokaa sawasawa, na kila moja iwekwe kwenye kikombe chenye jina lake, kwa sababu jeti za bomba la kwanza na la pili la hewa zinafanana kwa macho lakini matundu hayalingani. Uangalifu mkubwa uwe kwenye tundu la pampu ndogo ya aksileta: chini yake kuna mpira wa chuma mdogo sana. Pindua kabureta juu ya shuka polepole, uone unadondoka, uhifadhi. Bila huo gari litajikwaa kila ukikanyaga mafuta.

Loweka sehemu za chuma tu, si mpira wala plastiki, kwenye dawa ya kusafishia kabureta, usiku mmoja. Kisha pulizia kila njia, uone dawa ikitokea upande wa pili. Hiyo ndiyo sehemu ambayo haraka inaharibu. Kwenye kabureta yetu jeti ya sailensa (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) ilikuwa safi, ila njia inayoelekea kwake, ambayo huioni kwa macho, ilikuwa na kijiwe cha gundi. Nilipulizia mara nane, ya tisa kikaruka kikagonga ukuta wa kikombe. Usitumie sindano ya kushonea wala waya wa chuma. Utapanua tundu la jeti na gari litakula mafuta maisha yake yote. Uzi mmoja wa kopa kutoka kwenye waya laini wa umeme unatosha, na bila kulazimisha.

Gasketi zote ziwe mpya. Kama Mtwara hukupata seti, piga picha namba zilizogongwa kwenye kabureta uwatumie wauza spea wa Kariakoo. Mzigo unakuja kwa basi la kesho yake. Usipake gundi ya silikoni kwenye gasketi ya kabureta: petroli huivimbisha, vipande vinaingia kwenye jeti, na umerudi pale pale.

Kuna valvu ndogo ya umeme ubavuni, yenye waya mmoja, inayokata mafuta ya sailensa gari likizimwa. Betri ikisharudishwa, washa swichi bila kupiga stata. Lazima usikie tik. Isiposikika, gari litawaka ukikanyaga na kuzima ukiachia, na watu watalaumu jeti bure.

Siku ya kuliwasha

Mafuta ya kwanza nunua kituoni, lita 10, kutoka pampu yenye wateja wengi. Usinunue ya chupa kando ya barabara kwa safari hii. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama ya utambulisho, kwenye mafuta kwa sababu watu walikuwa wakichanganya mafuta ya taa kwenye petroli, na mafuta ya chupa hakuna anayeyapima. Aidha chupa iliyokaa juani wiki mbili imeshapoteza ile sehemu nyepesi.

Kabla ya kurudisha betri, kagua viungio vyote kwa mkono mkavu na karatasi nyeupe. Jaza chumba cha kabureta kwa bomba la sindano kubwa, kupitia kitundu chake cha kupumulia. Usimimine petroli kwenye koo la kabureta huku mtu anapiga stata. Nimemwona kijana akifanya hivyo Magomeni. Injini ilipiga chafya ya moto, chupa ikashika, akaungua mkono hadi kiwiko.

Vuta choki, piga stata si zaidi ya sekunde kumi, pumzisha stata, rudia. Likiwaka, usikimbilie kufurahi. Zunguka ukiangalia kama kuna tone popote. Kidirisha cha kioo kilicho mbele ya kabureta kionyeshe mafuta katikati ya alama. Likipata joto, weka sailensa kati ya mizunguko 700 na 800, kisha skrubu ya mchanganyiko izungushe robo robo hadi injini isikike imetulia zaidi. Ikiwa sailensa inapanda na kushuka bila mpango, hewa inaingia chini ya kabureta: nyunyiza maji kidogo kuzunguka gasketi yake ya chini, na mlio ukibadilika ghafla umeona pa kukaza. Watu hunyunyizia petroli kwa kipimo hiki. Wewe tumia maji.

Barabarani

Tulifanya kwa hatua. Siku ya kwanza Mikindani hadi mjini na kurudi, mara mbili. Ya pili Mtwara hadi Lindi, kilomita 100 na ushei, tukisimama Mingoyo. Baada ya wiki, mtihani wenyewe: Masasi, kisha kupanda Newala. Gari linalokwenda vizuri tambarare lakini likapiga misi, yaani likakatakata, kwenye mlima halipati mafuta ya kutosha. Tazama filta kwanza, pampu baadaye. Linalojikwaa ukikanyaga ghafla, angalia ndani ya koo la kabureta injini ikiwa imezimwa, vuta waya wa aksileta, uone mchirizi wa mafuta. Linalonuka na kutoa moshi mweusi linafurika: sindano au boya. Plagi nazo zinasema, za kahawia kama biskuti ni nzuri, nyeusi zenye masizi mafuta ni mengi, nyeupe mafuta ni kidogo, na hilo la mwisho usilisafirie mbali kwa sababu injini inachemka.

Filta ya kwanza tuliitoa baada ya siku tatu. Ilikuwa na vumbi jekundu chini, la kutosha kufunika ukucha. Ya pili tuliitoa baada ya wiki mbili, vumbi kidogo tu. Ya tatu ina miezi minne sasa, na unaweza kusoma gazeti kupitia plastiki yake. Hata tenki lililooshwa vizuri hubakiza kitu kwenye mikunjo, na hizo filta mbili za mwanzo ndizo zinazokimaliza. Ndiyo sababu nikasema ununue tatu.

Kama gari litasimama tena miezi mingi, jaza tenki hadi juu ili bati lisipate hewa, kisha chomoa mpira unaotoka tenki kuingia kwenye pampu, uuzibe, uache injini iishe mafuta ya kwenye kabureta hadi izime yenyewe. Ziba tundu la kupumulia kwa kipande cha wavu wa chandarua kilichofungwa kwa uzi: hewa ipite, nyigu asipite. Shangazi sasa hulitumia gari kwenda sokoni Jumamosi, na kila akirudi huniuliza kama afungue mfuniko asikilize. Namwambia afungue.